Kiinua Mgongo cha Mkataba na Mdaiwa Asiyekamatwa Mali

Kila baada ya miaka 5, mwezi wa Agosti, Wakenya wakiisha kupiga kura na washindi wakiisha kuapishwa, hutukia katika ofisi za kaunti jambo ambalo hutangazwa kwa nadra: mikataba ya watumishi walioajiriwa kwa muhula wa utawala unaoondoka nayo hufikia ukomo, na wenye mikataba hiyo, tangu mawaziri wa kaunti na washauri wa gavana hadi makarani na matarishi wa ofisi za wadi, hukabidhi funguo, vitambulisho na vifaa vya kazi, wakatia sahihi fomu ya kuthibitisha kwamba hawadaiwi kitu na ofisi, kisha wakarudi makwao kungoja kiinua mgongo walichoahidiwa kwa maandishi siku walipoajiriwa. Wapo wanaolipwa kwa wakati, na hao hawana haja ya makala haya. Walakini wapo pia, wala si haba, wanaongoja mwaka wa kwanza na wa pili, wakiambiwa leo kwamba jalada liko kwa mkaguzi, kesho kwamba bajeti haijapitishwa, na mwisho wake hushika njia ya mahakamani.

Ninaandika kwa ajili ya hao, na kwa ajili ya wakuu wa ofisi wanaowafikisha huko. Kesi za namna hii zimekuwa jambo la kawaida mno katika Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kikazi, ilhali kwa haki hazikupaswa kuwapo kabisa, maana hapana ndani yake ubishi mkubwa wa sheria wala wa mambo yalivyotukia. Kuna mkataba, kuna kazi iliyofanywa, na kuna deni.

Tuanze na deni lenyewe. Katika utumishi wa umma wa Kenya, mtu aliyeajiriwa kwa mkataba wa muda maalumu, asiyekuwa katika mpango wa pensheni, kwa desturi iliyothibitishwa na miongozo ya Tume ya Utumishi wa Umma na ya Tume ya Mishahara na Marupurupu, hustahiki mwisho wa mkataba wake asilimia 31 ya mshahara wa msingi aliopata katika muda wote aliotumika. Tuseme karani ameajiriwa kwa miaka 3 kwa mshahara wa msingi wa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mshahara wake wa mwaka ni shilingi 480,000, wa miaka yote 3 ni shilingi 1,440,000, na asilimia 31 ya hizo ni shilingi 446,400 kabla ya kodi. Kwa hazina ya kaunti hizo ni fedha kidogo. Kwa karani ndizo karo ya mtoto wa kidato cha tatu, ndiyo malipo ya mwisho ya kiwanja alichokuwa akikilipia kidogo kidogo, ndiyo akiba pekee aliyonayo ya kumvusha hadi apate kazi nyingine, kwani mtu wa mkataba hana pensheni ya kila mwezi itakayomfuata nyumbani.

Mkataba wenyewe ukiushika mkononi utaona ni karatasi chache zenye nembo ya kaunti, na kifungu cha kiinua mgongo aghalabu kimewekwa baada ya vifungu vya likizo na matibabu, mistari miwili au mitatu tu, kikisema kwamba mtumishi atalipwa kiasi hicho akiisha kumaliza mkataba kwa njia ya kuridhisha. Maneno hayo ya mwisho yapasa kusomwa kwa makini, kwa sababu ndiyo mlango ambao mwajiri asiyetaka kulipa hupitia: mtu ametumika miaka 3 bila ya barua moja ya onyo, akipewa nyongeza yake ya mshahara kila mwaka, na siku anapodai haki yake ndipo kwa mara ya kwanza anasikia kwamba kazi yake haikuridhisha. Hoja ya namna hiyo, ikiletwa mbele ya jaji bila ya tathmini ya kazi iliyoandikwa wakati kazi ingali inafanywa, haina uzito, na haistahili kuwa nao.

Sasa yafaa kuuliza fedha hizi huwa ziko wapi muda wote huo, maana hapo ndipo mzizi wa taabu ulipo. Mtumishi wa kudumu wa serikali kuu aliye katika mpango mpya wa pensheni, ulioanza tarehe 1 Januari 2021, hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wake, na serikali humwongezea asilimia 15, na fedha hizo hupelekwa mwezi kwa mwezi katika mfuko wenye wadhamini wake na hesabu zake, usiotumika kwa matumizi ya ofisi. Mtumishi wa mkataba ameahidiwa asilimia 31, nayo ni ahadi nzuri kuliko ya mwenzake kwa hesabu ya karatasi, lakini katika ofisi nyingi hakuna senti inayowekwa popote kwa jina lake mpaka siku ya mwisho ifike. Ahadi inakua miezi 36 au 60, na hapana mtu anayeitazama. Kisha mkataba unakwisha Agosti au Septemba, ilhali mwaka wa fedha ulianza tarehe 1 Julai na makadirio yake yalitungwa na watu ambao wakati huo walikuwa wakishughulika na kampeni kuliko na daftari la madeni. Na juu ya hayo kanuni za fedha za kaunti zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato, kiwango ambacho kaunti nyingi zimekwisha kukivuka, hata mkuu wa fedha akaona kuwa aliyeondoka ndiye mwepesi zaidi wa kungojeshwa, kwa kuwa hawezi tena kugoma.

Huongezeka hapo utawala mpya, ukiwa na gavana mpya na wasaidizi wake wapya, na kauli ambayo imekuwa kama ada: kwamba madeni yaliyoachwa ni ya utawala uliopita, na kwamba iundwe kwanza kamati ya kuyahakiki. Kuhakiki si dhambi. Hesabu za kaunti zimejaa madeni ya zabuni hewa, na gavana anayelipa kila karatasi aliyoikuta mezani angekuwa anawahaini wananchi. Lakini kiinua mgongo si zabuni. Hakihitaji mashahidi waende kukagua barabara kama kweli ilichimbwa. Mtumishi yumo katika orodha ya mishahara, mkataba wake umo katika jalada lake, na hesabu yake karani wa fedha anaweza kuimaliza kabla ya chai ya saa nne. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu chake cha 6, imesema waziwazi kwamba serikali ya kaunti ni shirika lenye nafsi yake kisheria, lenye uwezo wa kuingia katika mikataba. Magavana huja na kuondoka, na mwajiri ni yule yule. Mkataba wa karani haukutiwa sahihi na mtu kwa nafsi yake, ulitiwa kwa jina la kaunti, na kaunti haikufa siku ya uchaguzi.

Kwa upande wa sheria ya kazi, mdai apaswa kufahamu haki yake imetoka wapi, kwa sababu watu wengi hupoteza kesi zao, au sehemu kubwa ya madai yao, kwa kuchanganya mambo mawili. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 35, imeweka malipo ya utumishi kwa kila mwaka wa kazi, lakini hapo hapo ikawatoa wale walio katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, au katika mpango wa pensheni, au katika mpango mwingine wa kiinua mgongo. Kiinua mgongo cha mkataba hakitokani na kifungu hicho. Kinatokana na mkataba wenyewe, au na mapatano ya pamoja baina ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, na mahakama zimerudia mara nyingi kwamba mwenye kukidai sharti aonyeshe mahali kilipoahidiwa. Ndiyo sababu wakili anayekwenda mahakamani na kifungu cha 35 peke yake, hali mteja wake alikuwa akikatwa NSSF kila mwezi, anampeleka mteja huyo kushindwa. Na kwa upande wa pili, mwajiri asidhani kwamba kuuficha mkataba kutamsaidia: kifungu cha 10 kimeweka kwamba mwajiri akishindwa kutoa maandishi ya mkataba katika kesi, ni juu yake kukanusha kwa ushahidi sharti ambalo mfanyakazi anadai lilikuwamo. Hata aliyefukuzwa kwa kosa halali, kifungu cha 18 kinataka alipwe siku hiyo fedha zote na stahiki zote alizokwisha kuzichuma.

Kuhusu mahali pa kushtaki, si lazima mtu wa mshahara mdogo asafiri hadi kwenye kituo cha majaji, kwa kuwa tangu 2018 Jaji Mkuu aliwapa mahakimu wa ngazi maalumu uwezo wa kusikiliza kesi za waajiriwa ambao mshahara wao wa jumla haukuzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Jambo hili halijulikani vya kutosha, na lingewapunguzia wengi nauli na gharama.

Lililo zito kuliko yote ni muda. Sheria ya Ajira inasema kwamba dai linalotokana na mkataba wa kazi halina budi kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 3 tangu haki ilipovunjwa, na mahakama haina uwezo wa kurefusha muda huo hata kwa siku moja, hata kwa huruma, hata pale ambapo deni lenyewe halikanushwi. Barua za mdai hazisimamishi muda. Mazungumzo hayausimamishi, wala ahadi ya mkuu wa idara kwamba "subiri kidogo, tunashughulikia" haiusimamishi. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu wanaoangukia shimo hili aghalabu ni wale waungwana, waliostahi ofisi waliyoitumikia, wasiotaka kuishtaki serikali yao, waliokwenda kila baada ya miezi michache kuuliza kwa adabu, wakaketi kwenye benchi la nje, wakaamini walichoambiwa. Na siku walipochoka na kumwendea wakili, wakili alihesabu tarehe kwa vidole, akawarudishia karatasi zao. Mwajiri wa umma anayejikinga kwa muda aliousababisha yeye mwenyewe kwa ahadi zake ameshinda kesi kwa mujibu wa sheria, na amedhulumu.

Tuchukulie sasa kwamba mdai amewahi, amesikilizwa, na hukumu imetoka kwa upande wake. Kama mdaiwa angekuwa mwenye duka au kampuni ya mabasi, dalali wa mahakama angefika na orodha yake, akahesabu magari na viti, na deni lingepatikana upesi. Kwa serikali sivyo. Sheria ya Kesi dhidi ya Serikali, Sura ya 40, iliyotungwa zama za ukoloni kwa kufuata sheria ya Uingereza ya 1947, imeweka katika kifungu cha 21 kwamba mali ya serikali haikamatwi wala hainadiwi kwa sababu ya hukumu ya madai, na mahakama zimekuwa zikiifuata kwa kaunti pia. Na baadhi ya mashirika ya umma yana hifadhi inayofanana na hiyo katika sheria zilizoyaunda. Mwenye hukumu anatakiwa angoje siku 21, aombe hati maalumu ya mahakama inayotaja kiasi anachodai, aifikishe kwa Mwanasheria Mkuu au kwa ofisa anayehusika, kisha angoje malipo. Asipolipwa, afungue kesi ya pili kuomba amri ya mandamus, yaani amri ya kumlazimisha ofisa mwenye dhamana ya fedha atimize wajibu wake. Akiisha kuipata na bado hajalipwa, aombe ofisa huyo aitwe kwa kosa la kudharau mahakama, ajieleze kwa nini asifungwe. Ndipo hapo, mara nyingi, hundi hutokea. Na hutokea ikiwa na riba na gharama za mawakili wa pande zote mbili, vyote vikitoka katika kodi ile ile ambayo ilisemekana haitoshi kumlipa karani shilingi zake 446,400.

Hifadhi hii ya mali ya serikali ina hoja yake, wala sitaki kuipuuza. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayependa kuona gari la wagonjwa la hospitali ya kaunti likinadiwa kwa deni la mtu mmoja, wala vitanda vya wodi, wala dawa zilizo ghalani. Lakini ukitazama msingi wa hoja hiyo utaona umejengwa juu ya dhana moja tu, kwamba serikali ni mdaiwa mwaminifu kuliko wote, na kwamba ikiisha kuhukumiwa hulipa pasipo kusukumwa, hata kukawa hakuna haja ya dalali. Mtunga sheria aliikabidhi hifadhi hiyo kama amana. Mwajiri wa umma anayeitumia kumzungusha mtu ambaye mahakama imekwisha kusema anamdai ameivunja amana hiyo, na hana haki tena ya kudai heshima iliyofungamana nayo. Wapo majaji waliokwisha kusema kwamba hifadhi hii, kama ilivyoandikwa, haipatani na Katiba ya 2010. Nami nadhani kwamba hata kabla ya sheria kubadilishwa, kaunti na wizara zinaweza kuiondolea aibu kwa kulipa tu.

Mtu asidhani kwamba maradhi haya ni ya kaunti peke yake. Watumishi wa afya walioajiriwa na serikali kuu mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, chini ya mpango wa afya kwa wote, waliingia kazini kwa mikataba ya miaka 3 wakati ambapo watu wengine walikuwa wakijifungia majumbani. Na mwaka wa 2025 maelfu yao walikuwa wangali wakidai, pamoja na ajira ya kudumu, kiinua mgongo cha utumishi wao, na baadhi yao wakakesha nje ya makao ya wizara Nairobi, wauguzi na matabibu na wataalamu wa maabara, wamelala juu ya maboksi katika baridi. Waliwekwa baina ya serikali mbili, serikali kuu na ya kaunti, kila moja ikiitazama nyingine impeleke mtu kwa mhasibu wake.

Wala si mambo ya leo tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka wa 1977, watumishi wake wa reli, bandari, posta na ndege walibaki na stahiki zao hewani, na mapatano ya 1984 ya kugawana mali na madeni yaliipa kila nchi jukumu la kuwalipa raia wake. Nchini Tanzania wazee hao walikwenda mahakamani mwaka wa 2003, wakafikia mapatano na serikali mwaka wa 2005, na hata baada ya hapo wengine waliendelea kudai kwamba hawakukamilishiwa haki zao, wakaketi barabarani Dar es Salaam wakiwa na mvi zao. Wakenya 749 nao waliipeleka serikali yao mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha mwaka wa 2010. Dai lao lilikataliwa, na rufaa yao ikakataliwa mwaka wa 2012, kwa sababu Mkataba ulioiunda Jumuiya mpya ulianza kutumika mwaka wa 2000 na haukuweza kurudi nyuma kuhukumu mambo yaliyotangulia. Kwa sheria, uamuzi ule ulikuwa na msingi. Lakini miaka 35 ilikuwa imepita tangu Jumuiya ya kwanza ivunjike, na katika miaka hiyo wengi katika wadai walikuwa wamekwisha kuzikwa, na madai yao yakawa mikononi mwa wajane na watoto.

Dawa ya jambo hili si ngumu, na wala haihitaji sheria mpya ili ianze. Kaunti yoyote inaweza, tangu mwezi ujao, kutenga asilimia 31 ya mshahara wa kila mtumishi wa mkataba pale pale mishahara inapolipwa, na kuiweka katika hesabu ya peke yake isiyoguswa kwa matumizi mengine, kama inavyofanywa kwa pensheni ya wenzao wa kudumu. Mabunge ya kaunti, ambayo ndiyo yanayopitisha makadirio, yanaweza kukataa kupitisha bajeti isiyo na fungu la mikataba inayokwisha katika mwaka huo, kwa sababu tarehe za kwisha kwake zinajulikana tangu siku ya kwanza na hapana udhuru wa kushtukizwa. Mdhibiti wa Bajeti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, wanaoorodhesha madeni ya kaunti katika ripoti zao, wangewatendea watumishi hisani kubwa kama wangeyatenga madeni ya kiinua mgongo na madeni ya zabuni, ili mwananchi aone ni fedha kiasi gani za jasho la watu zimezuiliwa na kwa muda gani.

Nawe mtumishi wa mkataba unayesoma haya, weka nakala ya mkataba wako nyumbani, mbali na ofisi, pamoja na barua za kuongezewa muda, hati za mshahara za kila mwezi na fomu uliyotiliwa sahihi ulipokabidhi vifaa. Mkataba ukiisha, andika barua ya madai mara moja, uitaje hesabu yako kwa shilingi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Uipe ofisi mwaka mmoja wa subira ukipenda, au miezi 18 kama wewe ni mpole mno, kisha mwone wakili au chama chako cha wafanyakazi. Waliomaliza mikataba yao Agosti 2022 na hawakwenda mahakamani, mlango wao ulifungwa Agosti 2025. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na mikataba mingine itakwisha nao.